Mpigaji Bila Mchezaji: Jazi Ngumu katika Masikio ya Kitale na Bungoma

Katika Kiswahili ala ya muziki hupigwa, na ngoma huchezwa. Vitenzi viwili hivi vimegawana kazi kwa namna isiyo na utata: yupo mpiga gitaa, mpiga litungu, mpiga besi, na mbele yake, mahali fulani, yupo mtu anayetarajiwa kucheza. Mnamo mwaka 1971 mpiga piano Mmarekani Herbie Hancock alitoa santuri iliyoitwa Mwandishi, na kundi lake la watu sita likajulikana kwa majina ya Kiswahili waliyopewa na mwanamuziki James Mtume. Hancock mwenyewe alikuwa Mwandishi. Mpiga ngoma Billy Hart akawa Jabali. Eddie Henderson, mpiga tarumbeta ambaye pia alikuwa daktari wa hospitali, akawa Mganga, jina lililomkaa vyema kuliko wenzake wote. (Jina la huyo aliyewapa majina, Mtume, linaweza kumshtua mzee wa pwani, lakini hilo ni jambo la makala nyingine.) Mpiga besi, Buster Williams, aliitwa Mchezaji.

Si vigumu kuona jina hili la mwisho lilivyopatikana. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa mpira, kwa karata na kwa piano, na aliyetafsiri alichukua neno la kwanza alilolikuta. Lakini msikilizaji wa Kitale akiambiwa kwamba katika kundi hilo yupo Mchezaji, atamtafuta mtu anayecheza: mwanasoka, au mtu aliyeinuka kitini kwa ajili ya ngoma. Hatampata. Katika muziki ule watu wote sita wanapiga, na hakuna aliyeachiwa nafasi ya kucheza. Kosa hili dogo la tafsiri lagusa kiini cha mgogoro ambao kwa miaka zaidi ya sitini umewagawa wasikilizaji wa jazi ngumu, yaani ile jazi ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa mikono ya Ornette Coleman, Cecil Taylor na baadaye John Coltrane wa miaka yake ya mwisho, iliacha utaratibu wa vipande vinavyotabirika, ikaacha lahani inayoweza kuimbwa njiani, na mara nyingine ikaacha hata mapigo yanayohesabika.

Kwa nini muziki huo huwagawa watu kwa ukali hivyo, hata mmoja akatokwa na machozi na jirani yake akaondoka chumbani? Jibu linalotolewa mara nyingi katika madarasa ya vyuo vikuu ni la elimu: kwamba sikio lisilofunzwa haliwezi kufuata, na kwamba anayekataa hajafika. Jibu hili lina kasoro kubwa. Ornette Coleman alipotoa Free Jazz, santuri iliyorekodiwa Desemba 1960 na kundi la watu wanane waliogawanywa katika makundi mawili ya wanne, jarida la Down Beat la Chicago liliwapa kazi ya kuihakiki watu wawili. Katika toleo la Januari 1962 Pete Welding aliipa nyota tano, kiwango cha juu kabisa. John Tynan hakuipa hata moja. Wote wawili walikuwa wahakiki wa kazi hiyo hiyo, wakiandikia jarida lile lile. Philip Larkin naye, mshairi mkubwa wa Uingereza, aliandika uhakiki wa jazi katika gazeti la Daily Telegraph kwa takriban miaka kumi, na alipokusanya makala zake katika All What Jazz mwaka 1970 alimweka Charlie Parker kapu moja na Pound na Picasso, akawakataa wote watatu. Na Adorno, aliyeujua muziki kuliko wahakiki wengi wa fasihi watakavyoujua, aliitupilia mbali jazi yote mwaka 1936, hata ile nyepesi ambayo hakuna aliyelalamika kwamba ni ngumu. Elimu, basi, haimwelekezi msikilizaji upande wowote. Humpa tu maneno mazuri zaidi ya kutetea upande aliokwisha kuuchagua.

Jibu la pili, la baa na la matatu, ni kwamba wanaoipenda jazi ngumu wanajisingizia. Hili halihitaji maneno mengi. Mtu aweza kujisingizia usiku mmoja mbele ya wageni. Ni taabu kujisingizia miaka thelathini, peke yake, usiku wa manane.

Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 huko Konstanz, alipendekeza kwamba msomaji huijia kazi ya sanaa akiwa na upeo wa matarajio, na kwamba historia ya fasihi ni historia ya upeo huo kuvunjwa na kuundwa upya. Dhana hii imetumika sana katika uhakiki wa Kiswahili, na hapa inasaidia, lakini kwa sehemu tu. Inaeleza kwa nini msikilizaji anashtuka. Haielezi kwa nini baada ya mshtuko mmoja anabaki na mwingine anaondoka. Ili kulijibu swali hili la pili ni lazima kuuliza jambo ambalo Jauss, akiwa mtu wa maktaba, hakulisisitiza: msikilizaji alikuwa na kazi gani katika sanaa ile kabla haijageuzwa? Fungu lake lilikuwa lipi?

Kitale na Bungoma ni mahali pazuri pa kuulizia swali hilo, kwa sababu mbili. Kwanza, ni miji ambayo neno jazz limeishi humo muda mrefu likiwa na maana yake yenyewe. Pili, ni miji ya watu wenye sanaa ngumu ya kwao, ambayo haikungoja Marekani.

Kuhusu sababu ya kwanza, msomaji atakumbuka orodha ya bendi: Dar es Salaam Jazz Band iliyoanzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, NUTA Jazz, upande wa Kongo, African Jazz ya Joseph Kabasele na OK Jazz ya mwaka 1956, upande wa Nyanza, Victoria Jazz na Shirati Jazz ya Daniel Owino Misiani. Kwa kizazi kilicholelewa na redio ya Sauti ya Kenya, hii ndiyo iliyokuwa jazi. Kitale ulikuwa mji wa mashamba ya walowezi na mwisho wa tawi la reli lililofika huko mwaka 1926. Bungoma uko kwenye reli kuu iendayo Uganda. Katika miji ya namna hiyo, ambamo Mbukusu, Mteso, Mnandi, Mturkana na Mkikuyu walikutana sokoni na kambini, wimbo wa dansi ulioimbwa kwa Kiswahili au kwa Kilingala ulikuwa mali ya wote.

Wimbo huo ulikuwa na mpangilio ambao hata mtoto aliufahamu. Kwanza beti, taratibu, ambapo maneno ndiyo mambo: mtu ameachwa, mtu amedhulumiwa, mtu anaonywa. Kisha maneno yanapungua, magitaa yanashika usukani, sebene inaanza, na aliyekuwa ameketi anainuka. Msikilizaji amepewa fungu mara mbili. Katika nusu ya kwanza yeye ni hakimu wa kisa. Katika nusu ya pili yeye ni mchezaji, na bila yeye nusu hiyo haijakamilika. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki katika ajali ya barabarani Januari 1979, alikuwa fundi wa kivuko hicho kati ya hakimu na mchezaji. Gitaa lake halimsukumi msikilizaji, linamwita. Aliyezoea wito huo kisha akatiwa sikioni Free Jazz, dakika thelathini na saba bila kusimama, hakosei anapouliza: mimi niko wapi hapa? Neno ni lile lile, jazz, na fungu limetoweka.

Hoja hii inaweza kupingwa mara moja. Je, basi suala zima ni miguu? Je, mtu wa Bungoma hawezi kuketi akasikiliza kitu kigumu? Ni hapa ambapo sababu ya pili inaingia, na ni hapa ambapo maelezo mepesi kuhusu Mwafrika na dansi yanapaswa kukomeshwa.

Miongoni mwa Wabukusu kuna sanaa iitwayo kumuse. Baada ya mazishi ya mzee aliyeheshimika, msemaji mwenye kipawa, wa ukoo unaoruhusiwa, husimama katika uwanja akiwa na fimbo na vazi la heshima, akatembea huku na huko mbele ya watu walioketi, akasema. Anapitia asili ya koo, uhamaji wa mababu, makosa ya walio hai, na mambo yajayo. Lugha yake ni ya mafumbo na methali zilizokatwa katikati. Dokezo moja hubeba vita vizima au ndoa iliyovunjika vizazi vitatu vilivyopita. Hapana anayecheza, hapana anayemkatiza. Vijana wengi hawafuati hata nusu. Kwa kipimo chochote cha mwalimu wa fasihi, hii ni sanaa ngumu kuliko santuri nyingi za Coleman.

Hata hivyo kumuse haiwagawi wasikilizaji kama jazi ngumu inavyowagawa. Kijana asiyeelewa hasemi kwamba msemaji anabwabwaja, wala kwamba hii si kumuse. Njiani kurudi nyumbani anamwuliza mjomba wake. Sababu si heshima peke yake. Msikilizaji wa kumuse ana fungu, na fungu hilo ni zito: ukoo wake waweza kutajwa wakati wowote, atachukua maneno yale nyumbani na kuyafumbua, na yaliyosemwa yatatumika kama hoja atakapogombana na jirani kuhusu mpaka au mahari. Ugumu umo ndani ya kazi aliyokabidhiwa. Hali kadhalika mpiga litungu, ambaye kwa nyuzi zake saba huacha lahani na kuirudia apendavyo: anapopotoka, mabega ya wacheza kamabeka yanabaki yakishika kile alichokiacha. Na alfajiri ya tohara, Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, Sioyaye ikiimbwa kutoka mtoni, hakuna mwanamume njiani aliye mtazamaji tu.

Kwa hiyo dai linaweza kutamkwa waziwazi. Ugumu wenyewe hauwatengi watu. Kinachowatenga ni sanaa inayomnyang'anya msikilizaji fungu lake la zamani bila kumwonyesha lile jipya liko wapi. Wanaobaki na jazi ngumu ni wale ambao, kwa bahati au kwa subira, waliligundua fungu jipya wenyewe. Wanaoondoka hawana upungufu wa sikio. Wamesikia, tena kwa usahihi, kwamba kitu kimeondolewa.

Kwa mwanga huo inafaa kuirudia santuri ya Mwandishi, kwa sababu inatoa mifano ya pande zote mbili. Ina vipande vitatu tu. Cha kwanza, Ostinato, kilichotungwa kwa heshima ya Angela Davis, kimejengwa juu ya msuko wa besi wenye mapigo 15, unaorudiwa kwa ukaidi. Kumi na tano si idadi ya kuchezea dansi. Mguu ukidhani umefika, pigo moja limepungua. Lakini msuko haubadiliki, na baada ya dakika tatu au nne msikilizaji makini anaanza kuungoja mahali unapokatika. Kungoja huko ndilo fungu lake jipya. Mwili wake haukufukuzwa, umepewa kazi ngumu zaidi. Mtu aliyekulia karibu na litungu, ambamo msuko mfupi huzunguka bila kuchoka huku sauti ikienda inakotaka, hahitaji mhadhara ili akifurahie kipande hiki. Anahitaji tu kuambiwa aache kuhesabu nne.

Kipande cha tatu, Wandering Spirit Song, ni jambo jingine. Kinazidi dakika 20, na katikati yake ala zinaachana kabisa, kila moja ikilia upande wake, hadi mtu asijue kama anasikiliza mazungumzo au watu sita waliopotezana msituni. Wapo watakaosema kwamba jina la kipande ni roho itangatangayo na kwa hiyo kutangatanga ni haki yake. Utetezi huu ni dhaifu. Kichwa cha kazi hakiwezi kulipa deni la kazi. Kwa dakika kadhaa Mwandishi anaandika kwa ajili ya waandishi wenzake, na msikilizaji, wa Kitale au wa New York, ameachiwa kazi moja tu, ya kustahi. Mwaka 1973 Hancock alilivunja kundi lile, na santuri yake ya Head Hunters ya mwaka huo huo, yenye besi nzito inayoinua watu vitini, ikauzwa kwa wingi ambao Mwandishi haikuukaribia. Mwenyewe ameeleza kwamba alikuwa amekaa mno katika anga za juu na akatamani udongo. Wahafidhina wa jazi ngumu walimwita msaliti. Yamkini ni sahihi zaidi kusema kwamba alikuwa amemkumbuka Mchezaji.

Mtaalamu wa fasihi ya Kiswahili hatashindwa kuona kwamba kisa hiki anakijua. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, neno lililoleta ugomvi lilikuwa shairi, kama kwingine lilivyokuwa jazz. Mgogoro uliofuata umesimuliwa mara nyingi kama vita kati ya wahafidhina na wanamapinduzi: upande mmoja wafuasi wa Amri Abedi na kitabu chake cha sheria cha mwaka 1954, upande mwingine wasomi wa Dar es Salaam, wakiwemo Mulokozi na Kahigi na Kunga za Ushairi yao ya mwaka 1979. Masimulizi hayo yanawapunja wahafidhina. Amri Abedi alisisitiza kwamba shairi lazima liimbike, na msisitizo huo husomwa kama ushabiki wa vina na mizani. Lakini kuimbika ni fungu la nani? Si la mtunzi. Yeye amekwisha kutunga. Ni la msikilizaji, anayelichukua shairi kinywani mwake.

Aidha, shairi la kimapokeo lilikuwa na fungu jingine ambalo uhakiki umelipuuza: liliweza kujibiwa. Tangu Mambo Leo hadi kurasa za mashairi za Taifa Leo, mtu aliyeketi Bungoma aliweza kusoma shairi la mtu wa Lamu asiyemjua, akashika vina vyake vile vile na kituo chake kile kile, akamjibu wiki mbili baadaye. Msomaji alikuwa malenga mtarajiwa. Kichomi haijibiki hivyo. Mtu aweza kuihakiki, kuiandikia tasnifu, kuipenda. Hawezi kuipokea na kuirudisha kwa bahari ile ile, kwa kuwa haina bahari. Waliolalamika kwamba ni guni walitumia neno ambalo halikutosha, lakini walikuwa wamehisi hasara ya kweli, na watetezi wa mashairi huru waliwajibu kwa kuwaeleza historia ya maendeleo. Walichostahili kuelezwa ni kile ambacho Kichomi inampa msomaji badala ya majibizano: mstari unaokatika mahali ambapo pumzi ya mazungumzo hukatika, taswira inayorudi ikiwa imebadilika rangi, na ukimya unaomlazimisha msomaji kuamua mwenyewe sauti ipande au ishuke. Hilo nalo ni fungu. Baadhi ya tungo za Alamin Mazrui katika Chembe cha Moyo (1988) zinalitoa kwa ukarimu. Mashairi huru mengi yaliyofuata, kwa bahati mbaya, hayatoi chochote. Yamevunja sharti na kuondoka na sebene.

Katika nathari mfano wa karibu na nyumbani ni Ken Walibora, aliyezaliwa Bungoma na kukulia Trans Nzoia. Siku Njema yake ya mwaka 1996 inampeleka Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba, na kila msomaji anajua kazi yake ni nini: kusafiri naye na kungoja. Nagona ya Kezilahabi (1990) pia ni safari ya utafutaji. Msomaji yule yule wa Kitale aliyeimaliza Siku Njema kwa usiku mmoja huifunga Nagona kwenye ukurasa wa kumi, na mwalimu wake humwambia kwamba hajakomaa.

Kauli hiyo ya mwalimu ndiyo inayofanya mjadala huu usiwe wa anasa. Mwanafunzi anayetoka shule ya kutwa ya Bungoma na kuingia chuo kikuu huambiwa, kwa upole au kwa ukali, kwamba sikio lake na jicho lake ni vya kushamba, na kwamba akisoma nadharia ya kutosha atapenda anachopaswa kupenda. Wengi hujifunza kusema wanapenda. Wachache hukataa na kuhitimu wakiamini kwamba sanaa ngumu ni njama ya wasomi. Wote wawili wamepotezwa na kosa moja la ufundishaji. Yule wa pili amekwisha kusikiliza kumuse akiwa na miaka kumi na miwili. Amekwisha kukaa saa mbili mbele ya lugha asiyoielewa yote, bila kuondoka. Uwezo anaoambiwa hana, anao. Mhakiki anayemdai utiifu kwa Coltrane au kwa Kezilahabi hana budi kwanza kumwonyesha kazi iliyomo ndani yake inayomngoja. Kitenzi cha Kiswahili jazi, ambacho hakina undugu wowote na muziki, maana yake ni kulipa au kutuza kwa wema uliotendwa. Ni sadfa tu ya sauti, na haifai kuwa hoja. Ila msikilizaji aliyesema kwamba muziki huu haumjazi amesema jambo linaloweza kuchunguzwa.

Na akichunguza, akaonyeshwa, kisha bado akakataa? Kukataa kwake ni uhakiki, nao una uzito sawa na nyota sifuri za Tynan.

Miaka kumi na moja kabla ya Mwandishi, Novemba 1960, mpiga piano Randy Weston alirekodi Uhuru Afrika huko New York, kwa maneno ya Langston Hughes, pamoja na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika aliyeleta Kiswahili chake katika ufunguzi. Baadaye, mwaka 1964, serikali ya makaburu ilikuja kuipiga marufuku Afrika Kusini. Sehemu yake ya kwanza inaitwa Uhuru Kwanza. Ya mwisho, Kucheza Blues. Muziki wake si mwepesi: ngoma za Olatunji, Candido na Peraza zinapishana kwa namna inayomchanganya aliyezoea sebene, na vyombo vya kupuliza vinagongana kwa makusudi. Lakini neno limewekwa mahali pake. Wanaopiga wanapiga, na kucheza kumeachwa wazi kwa yeyote atakayeinuka.